Wanawake wa Juventus: Maswali ya Wasomaji na Majibu

Katika toleo hili safu ya maswali na majibu tumeitenga kwa ajili ya barua zinazohusu timu ya wanawake ya Juventus ya Torino, pamoja na klabu nyingine kubwa za Italia zilizofuata njia hiyohiyo. Barua zilizouliza jambo moja tumeziunganisha, na zilizokuwa ndefu mno tumezifupisha bila kubadili maana yake.

Swali: Juventus Women ilianzishwa mwaka 2017, na msimu huohuo wa kwanza ikawa bingwa wa Italia. Timu changa inawezaje kuingia Ligi Kuu bila kupanda daraja? Na je, hiyo ni klabu nyingine inayotumia jina tu, au ni Juventus ileile? (Msomaji, Morogoro)

Ni Juventus ileile. Wachezaji wa kike husaini mikataba na kampuni ileile inayowaajiri wanaume, huvaa jezi zilezile za milia myeusi na myeupe, na fedha zao hupangwa na bodi moja. Wanafanyia mazoezi Vinovo, nje kidogo ya Torino, katika kituo ambacho kikosi cha kwanza cha wanaume kilikitumia hadi mwaka 2018 kilipohamia viwanja vipya vya Continassa, karibu na uwanja mkuu wa klabu.

Kuhusu kupanda daraja, jibu linahitaji maelezo marefu kidogo. Nchini Italia nafasi ya kushiriki ligi ni haki iliyosajiliwa kwa jina la klabu, na Shirikisho la Soka la Italia, FIGC, huruhusu haki hiyo ihamishwe kwa masharti maalumu. Katika majira ya joto ya mwaka 2017, Juventus ilichukua nafasi ya timu ya wanawake ya Cuneo, mji wa mkoa huohuo wa Piemonte, ambayo tayari ilikuwa inacheza Serie A, yaani Ligi Kuu ya Italia. Hivyo Juventus haikupanda hatua hata moja. Ilipokea kiti kilichokwisha kuwekwa mezani na wengine.

Haikuwa ya kwanza kufanya hivyo. Fiorentina ndiyo iliyofungua mlango mwaka 2015, ilipochukua nafasi ya timu ya wanawake ya mji wake wa Firenze na kuwa klabu ya kwanza ya Serie A ya wanaume kuwa na timu ya wanawake katika ligi ya juu. Miaka miwili baadaye ikatwaa ubingwa. Mwaka 2018 mtindo huo ulienea: AC Milan ilichukua nafasi ya Brescia, AS Roma ikachukua ya Res Roma, nayo Inter ikaichukua ya timu ya wanawake iliyokuwa ikitumia jina la Inter bila kuwa sehemu ya klabu hiyo. Mwaka 2021 Sampdoria ilipokea nafasi ya Florentia San Gimignano, na mwaka 2022 Parma ikapokea ya Empoli. Mfano huu wa mwisho unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu Empoli yenyewe ni klabu ya wanaume wa kulipwa: iliamua kuachana na timu yake ya wanawake, na kwa hiyo wachezaji waliodhani wameshapata klabu mama imara walijikuta wakitafuta pa kwenda.

Msukumo wa mabadiliko haya ulitoka kwa FIGC yenyewe. Kuanzia msimu wa 2015–16 shirikisho hilo lilizitaka klabu za wanaume za madaraja ya juu kusajili wasichana wasiopungua 20 wenye umri usiozidi miaka 12, na likafungua njia ya klabu hizo kununua au kushirikiana na timu za wanawake zilizokuwapo. Klabu iliyokwisha kuwa na watoto wa kike ndani ya uzio wake ingekosa sababu ya kudai kwamba haiwezi kuwa na timu ya wakubwa.

Tunaona kwamba huu ni ununuzi wa nafasi, na hakuna ubaya kuuita kwa jina lake. Faida yake inaonekana: madaktari, wataalamu wa viungo, viwanja vyenye nyasi nzuri na mishahara inayofika kwa wakati. Hasara yake huzungumzwa mara chache, nayo ni kwamba miji midogo iliyowalea wachezaji hawa kwa miaka mingi hubaki mikono mitupu.

Kikosi cha kwanza cha Juventus kinaeleza jambo hili vizuri. Kocha Rita Guarino, mzaliwa wa Torino na mshambuliaji wa zamani wa timu ya taifa, alipewa nguzo zilizotoka Brescia moja kwa moja: beki Sara Gama, mshambuliaji Barbara Bonansea, viungo Martina Rosucci na Valentina Cernoia. Msimu ulipomalizika, timu mbili zililingana pointi kileleni, Juventus na Brescia hiyohiyo iliyonyang'anywa wachezaji wake. Ubingwa ukaamuliwa kwa mechi moja, tarehe 20 Mei 2018, katika uwanja wa Novara. Dakika 120 zilikwisha kwa suluhu, na Juventus ikashinda kwa mikwaju ya penalti 5–4. Wiki chache baadaye Brescia ilikabidhi nafasi yake kwa Milan, na mshambuliaji wake Cristiana Girelli akahamia Juventus, ambako alikuja kuwa mfungaji anayetegemewa kuliko wote.

Ubingwa huo ulifuatiwa na mwingine minne mfululizo hadi mwaka 2022. Katika msimu wa 2020–21 Juventus ilicheza mechi 22 za ligi na kushinda zote 22. Roma ndiyo iliyokatiza utawala huo kwa kutwaa ubingwa mwaka 2023 na 2024, kisha Juventus ikaurejesha Torino mwaka 2025.

Swali: Ina maana kabla ya klabu hizi tajiri kuingia hapakuwa na soka la wanawake Italia? Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, na alikuwa akisimulia kwamba aliwaona wanawake wakicheza mpira huko miaka ya sabini. (Msomaji, Mombasa)

Marehemu mjomba wako alisema kweli. Ligi ya wanawake ya Italia ilianza mwaka 1968, na hata kabla ya hapo, mwaka 1933, kundi la wasichana wa Milano lilianzisha klabu yao. Walicheza wakiwa wamevaa sketi, na langoni waliwekwa wavulana kwa sababu wakuu wa wakati huo walidai kwamba kupigwa mipira kungedhuru uzazi. Utawala wa kifashisti uliwavumilia kwa muda mfupi, kisha ukawazuia na kuwaelekeza kwenye michezo mingine.

Baada ya vita na baada ya ligi kuanza, heshima ya soka la wanawake ilibebwa na majina ambayo shabiki wa Juventus wa leo huenda hajawahi kuyasikia. Torres ya mji wa Sassari, katika kisiwa cha Sardinia, ilitwaa ubingwa mara 7. Verona ilitamba hasa katika muongo wa kwanza wa karne hii. Brescia ilikuwa bingwa mwaka 2014 na 2016. Timu ya taifa nayo ilifika fainali ya Ulaya mwaka 1993 na 1997, na katika Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, lililofanyika China mwaka 1991, Carolina Morace alifunga mabao 3 katika mchezo mmoja dhidi ya Taiwan.

Kilichokosekana hakikuwa vipaji wala ari, bali chombo cha kuvibeba. Timu hizo ziliendeshwa na familia, wafanyabiashara wa mjini na wazazi wa wachezaji, na mara nyingi mfadhili mmoja alipojitoa, bingwa wa juzi alikosa hata nauli ya kwenda kucheza ugenini. Italia ilikaa miaka 20, kuanzia 1999 hadi 2019, bila kushiriki Kombe la Dunia la wanawake.

Swali: Mimi ni afisa utumishi, na napenda kujua upande wa ajira. Je, wanawake wa Juventus ni waajiriwa wenye haki kamili, na wanalipwa sawa na wanaume? (Msomaji, Arusha)

Swali la pili tulijibu kwanza kwa kuwa ni jepesi: hapana, hawalipwi sawa, na pengo ni kubwa mno. Swali la kwanza ndilo lenye historia.

Sheria namba 91 ya mwaka 1981 ndiyo iliyoweka msingi wa michezo ya kulipwa nchini Italia. Sheria hiyo haikuwataja wanawake wala haikuwakataza. Iliacha kila shirikisho la mchezo liamue ni ligi zipi zihesabiwe kuwa za kulipwa. Kwa takriban miaka 40 mashirikisho yalitumia uhuru huo kwa namna moja: ligi za juu za wanaume zikawa za kulipwa, na wanawake wote, hata bingwa wa Italia, wakabaki katika soka la ridhaa. Kwa hiyo Juventus Women iliyotwaa ubingwa wa ligi mara 4 chini ya Guarino ilikuwa, mbele ya sheria, timu ya ridhaa kama timu ya mtaani.

Afisa utumishi ataelewa haraka maana yake. Mchezaji hakuwa na mkataba wa ajira, bali makubaliano ya kifedha. Malipo yake yalikuwa na kikomo cha euro 30,658 kwa mwaka kabla ya makato, awe nahodha wa taifa au mchezaji wa benchi. Hapakuwa na michango ya lazima ya pensheni, na kinga dhidi ya ugonjwa, ajali na uzazi ilikuwa hafifu. Aidha kulikuwa na kifungo cha usajili kilichomfunga mchezaji wa ridhaa kwa klabu yake hadi atimize miaka 25, hata kama klabu hiyo haikumlipa chochote cha maana. Mwaka 2018 serikali ilianzisha mfuko uliowalipa wanamichezo wa kike wa ridhaa wanaojifungua euro 1,000 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 10. Ulikuwa msaada, haukuwa haki ya ajira.

Mabadiliko yalianza kusukumwa na uwanja wenyewe. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2019 nchini Ufaransa, Italia iliifunga Australia 2–1 kwa mabao mawili ya Bonansea, la pili likiwa katika dakika za majeruhi. Ikaifunga Jamaika 5–0, Girelli akiwa na mabao 3. Ikafika robo fainali na kutolewa na Uholanzi. Mamilioni ya Waitaliano walioangalia michezo hiyo kwenye televisheni waligundua kwamba wachezaji wanaowashangilia si wa kulipwa. Aibu hiyo, kwa maoni yetu, ilifanya kazi ambayo miaka mingi ya maombi haikuifanya.

Tarehe 1 Julai 2022 Serie A ya wanawake ikawa rasmi ligi ya kulipwa, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa mchezo wowote wa timu wa wanawake nchini Italia kupata hadhi hiyo. Tangu hapo mchezaji ana mkataba wa ajira, kima cha chini cha mshahara, bima na michango ya pensheni, na kikomo cha malipo kimeondoka. Ili klabu ziweze kubeba gharama, ligi ilipunguzwa kutoka timu 12 hadi 10, ikarudi kuwa na 12 katika msimu wa 2025–26. Hadhi hiyo, hata hivyo, ni ya Serie A pekee. Mchezaji wa Serie B, yaani daraja la pili, bado yuko katika soka la ridhaa, na timu inaposhuka daraja huenda na wachezaji wake kwenye hali ya zamani.

Kwa kuwa umeuliza juu ya haki, kuna mfano mmoja unaoigusa Juventus kwa karibu. Mwaka huohuo wa 2022 klabu ilimsajili kiungo wa Iceland, Sara Björk Gunnarsdóttir, akitokea Lyon ya Ufaransa. Alipokuwa Lyon alishika mimba, na sehemu kubwa ya mshahara wake wa kipindi hicho haikulipwa. Alipeleka shauri FIFA, akashinda, na Lyon ikaamriwa kumlipa zaidi ya euro 82,000. Kanuni aliyoitegemea ilianza kutumika mwaka 2021, nayo inampa mchezaji likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara. Alifika Torino akiwa na mtoto wake mdogo na kuendelea kucheza.

Swali: Hapa kwetu watu husema kwamba nahodha wa Italia alikuwa Mkongomani. Wengine hubisha. Ukweli ni upi? Na je, Waafrika wanapokewaje katika klabu hizo? (Msomaji, Bukavu)

Ukweli uko katikati. Sara Gama ni Mtaliano, mzaliwa wa Trieste, mji wa bandari mpakani na Slovenia, mwaka 1989. Mama yake ni Mtaliano na baba yake ni Mkongomani. Alianza kucheza mpira na wavulana wa kwao, akawa nahodha wa timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka 19 iliyotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2008, akacheza Brescia na Paris Saint-Germain, na mwaka 2017 akawa nahodha wa kwanza wa Juventus Women. Aliiongoza Italia katika Kombe la Dunia la 2019 na akaiaga timu ya taifa mwaka 2024.

Wengi humkumbuka kwa kukaba, lakini mchango wake mkubwa zaidi ulikuwa mezani. Mwaka 2018 aliingia katika baraza la FIGC akiwawakilisha wachezaji, na mwaka 2020 akawa makamu wa rais wa chama cha wachezaji soka wa Italia. Hadhi ya kulipwa tuliyoieleza hapo juu ilijadiliwa katika vikao ambavyo yeye alikuwamo. Beki mwenye asili ya Kongo kuketi kwenye baraza lililozoea kujazwa na wanaume wenye umri mkubwa, na kudai kwamba wenzake watambuliwe kuwa wafanyakazi, si jambo dogo katika nchi ambayo wachezaji weusi bado huzomewa viwanjani.

Kuhusu mapokezi, hatuwezi kutoa jibu la rangi moja. Eniola Aluko, mshambuliaji wa Uingereza aliyezaliwa Lagos, alijiunga na Juventus mwaka 2018 na akawa miongoni mwa wafungaji wakuu wa timu iliyotwaa ligi na Kombe la Italia. Alipoondoka mwishoni mwa mwaka 2019 aliandika gazetini kwamba hakuwa na tatizo na klabu wala mashabiki wake, ila alichoka kuishi katika mji ambako akiingia dukani huangaliwa kana kwamba amekuja kuiba. Kwa upande mwingine, Tabitha Chawinga wa Malawi alikaa Inter msimu mmoja tu, 2022–23, chini ya Guarino huyohuyo aliyekuwa ameondoka Juventus, na akamaliza akiwa mfungaji bora wa Serie A kwa mabao 23. Mwafrika mwingine hakuwa amewahi kufanya hivyo katika ligi hiyo.

Na tusisahau kwamba Waitaliano walikutana na Afrika kwa namna nyingine pia: katika Kombe la Dunia la 2023, mjini Wellington, Afrika Kusini iliifunga Italia 3–2 kwa bao la dakika za mwisho la Thembi Kgatlana na kuirudisha nyumbani mapema.

Swali: Je, watu hujaza uwanja? Hapa nyumbani nimewahi kwenda kwenye mechi ya ligi ya wanawake tukawa watazamaji wachache kuliko wachezaji. (Msomaji, Nairobi)

Hujaza siku moja, na siku nyingine huwa hawafiki. Tarehe 24 Machi 2019 Juventus ilifungua uwanja wake mkuu, Allianz Stadium, kwa mchezo wa wanawake kwa mara ya kwanza, dhidi ya Fiorentina. Kiingilio kilikuwa bure. Walikuja watu 39,027. Mchezo ulikuwa mgumu na ulikuwa unaelekea suluhu, hadi Sofie Pedersen wa Denmark alipofunga bao pekee zikiwa zimebaki dakika chache. Picha za majukwaa yaliyojaa familia zilizunguka Italia nzima, na kwa mara ya kwanza wadhamini walikuwa na kitu cha kuonyesha kwenye vikao vyao.

Rekodi hiyo ilivunjwa na Roma tarehe 21 Machi 2023, watu 39,454 walipofika Stadio Olimpico kuiona ikifungwa 1–0 na Barcelona katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Safari hiyo mashabiki walinunua tiketi, na kwa hiyo tunaiona kuwa rekodi yenye uzito zaidi.

Wiki za kawaida ni hadithi nyingine. Kwa miaka mingi Juventus Women ilicheza ligi palepale kwenye kituo cha Vinovo, mbele ya majukwaa yanayotosha watu mia kadhaa, na baadaye ikapelekwa Biella, zaidi ya saa moja kwa gari kutoka Torino. Hapo ndipo tunapoilaumu klabu kidogo. Huwezi kuhamisha timu hadi mji mwingine kisha ukashangaa kwamba mashabiki wa Torino hawafiki. Roma, inayochezea Tre Fontane ndani ya jiji, imejenga kundi la watu wanaorudi kila wiki.

Usiku mkubwa wa Ulaya ndio unaoonyesha uwezo uliopo. Msimu wa 2021–22, chini ya kocha Joe Montemurro wa Australia, Juventus iliitoa Chelsea katika hatua ya makundi, kisha ikaifunga Lyon 2–1 mjini Torino katika robo fainali, kabla ya kupoteza 3–1 ugenini. Fainali ya mwaka huo ilichezwa katika uwanja huohuo wa Torino, na Lyon iliyotoka kuitoa Juventus ikaifunga Barcelona 3–1. Mwaka 2025 nayo timu ya taifa ilifika nusu fainali ya Ulaya, Girelli akiwa na miaka 35 akifunga mabao mawili yaliyoitoa Norwei, na ikabaki dakika chache tu kuifunga Uingereza kabla ya kusawazishiwa na kupoteza 2–1 katika muda wa nyongeza. Umati hufuata matokeo ya namna hiyo, mradi mechi ya wiki inayofuata ichezwe mahali panapofikika kwa basi.

Swali: Simba Queens na Yanga Princess ni kitu kilekile? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa umbo, ndiyo: ni timu za wanawake zilizo ndani ya klabu kubwa za wanaume, zenye jezi na mashabiki wa kurithi. Msukumo pia unafanana, kwa kuwa Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, nalo sasa huitaka klabu inayotaka kushiriki mashindano yake ya wanaume iwe na timu ya wanawake. Hata kuchukua timu iliyokwisha kujengwa na wengine si kugeni kwetu. Nchini Kenya, Thika Queens iliyokuwa bingwa wa nchi ilikuja kuwa Kenya Police Bullets, chini ya klabu ya polisi. Simba Queens ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2022 nchini Morocco, jambo ambalo Juventus Women haijalifikia Ulaya. Tofauti kubwa iko kwenye mkataba: ulizia mchezaji ana karatasi gani mkononi, utajua uko kwenye soka la aina gani.

Swali: Binti yangu ana miaka 15 na anacheza vizuri sana. Kuna bwana amenipigia simu akisema ana mawasiliano na Juventus na anaweza kumpeleka Torino kufanya majaribio. Anataka nitangulize ada ya usajili na ya viza. Nifanyeje? (Mzazi, Kigoma)

Mzazi mwenzetu, usitoe hata shilingi moja. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa katika hali chache, kama vile wazazi wenyewe kuhamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusiana na mpira. Binti wa miaka 15 anayeishi Kigoma na wazazi wake hawezi kusajiliwa na Juventus leo, hata kama Juventus yenyewe ingemtaka. Klabu ya kiwango hicho ikimtaka mchezaji humtafuta kwa gharama zake.

Mwombe bwana huyo jina lake kamili kama lilivyo kwenye leseni yake ya uwakala, kisha uliangalie katika orodha ya mawakala inayotolewa na FIFA au ulipeleke ofisi za Shirikisho la Soka la Tanzania, TFF, wakusaidie kulikagua. Wakala halali pia hawezi kuanza kuzungumza na mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi. Akikwepa hatua hizo mbili, piga ripoti polisi na uhifadhi ujumbe wake wote wa simu.

Njia zilizowafikisha wengine Ulaya zinajulikana na wala si za siri. Chawinga alipitia klabu ndogo za Uswidi, akaenda China, ndipo akafika Inter. Aisha Masaka alicheza Yanga Princess, akasajiliwa na BK Häcken ya Uswidi mwaka 2022 akiwa mtu mzima, na mwaka 2024 akahamia Brighton ya Uingereza. Kwa sasa mtafutie binti yako timu iliyosajiliwa na chama cha soka cha mkoa, hakikisha cheti chake cha kuzaliwa kiko sawa na jina limeandikwa vilevile kwenye kadi yake ya mchezaji, na ahifadhi kumbukumbu za mechi zake. Atakapofikisha miaka 18, nyaraka hizo ndizo zitakazoulizwa kwanza.